Arepa ya kuku na parachichi, kuanzia kwenye punje

Chukua vikombe viwili vya unga wa sembe, utie maji na chumvi, uukande. Hata ukikanda mpaka jioni hautashikana. Ukiufinyanga mduara utapasuka pembeni, ukiuweka kikaangoni utavunjika wakati wa kugeuza, na ukibahatika kugeuka mzima, ndani utakuta ubichi unaokwaruza meno. Wengi wanaojaribu arepa kwa mara ya kwanza huishia hapo, wakidhani mikono yao ndiyo haina ujuzi. Mikono haina kosa. Unga ule haukutengenezwa kwa kazi hiyo.

Arepa ni mkate wa mahindi wa Venezuela na Colombia, uliokuwa ukiliwa na wenyeji wa huko tangu kabla ya Wahispania kufika. Ni mduara wa upana wa kiganja, unene wa sentimita moja na nusu hadi mbili, nje una gamba kavu na ndani ni laini. Colombia huiweka kando ya chakula kingine, au huipaka siagi na kuiwekea jibini juu. Wavenezuela huipasua ubavuni wakaijaza: maharage meusi na jibini, nyama iliyochambuliwa, kuku na parachichi. Haina ngano, haina yai, haina hamira. Inashikana kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba mahindi yake yamepikwa kabla ya kusagwa.

Wanga wa mahindi hubaki punje ndogo ngumu mpaka upate maji na joto la nyuzi 62 hadi 72 hivi za Selsiasi. Hapo hunywa maji, huvimba na kuanza kunata. Ndiyo maana uji huanza mwepesi ghafla ukawa mzito. Unga wetu wa ugali umesagwa ukiwa mbichi, kwa hiyo maji ya baridi huulowesha nje tu. Nayo mahindi hayana ile gluteni ya ngano inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Kwa hiyo mpishi wa arepa hana gundi nyingine zaidi ya wanga uliokwisha kuiva, na karibu kila tatizo la arepa, kuanzia nyufa hadi unga mbichi katikati, linatokana na wanga huo na maji uliyoupa.

Kabla ya miaka ya 1960, arepa ya Venezuela ilianzia kwenye kinu. Mahindi makavu yalitwangwa kwa mchi ili kuondoa ganda na kiini, yakapepetwa, yakachemshwa, yakasagwa kwa mashine ya mkono, kisha yakakandwa. Wanawake wawili walipokezana michi kwenye kinu kimoja huku wakijibizana kwa nyimbo, na nyimbo hizo za kutwangia zimebaki kwenye muziki wa asili wa nchi ile. Mwaka 1954 mhandisi Luis Caballero Mejías alipata hataza ya njia ya kutengeneza unga wa mahindi uliokwisha kupikwa. Mwaka 1960 kampuni ya Polar, iliyokuwa ikijulikana kwa bia, ikaingiza sokoni unga wa aina hiyo kwa jina la Harina P.A.N. Kazi ya saa nyingi ikawa kazi ya robo saa, na kinu kikahamia kwenye picha za ukutani.

Kwa hiyo mpishi wa leo ana njia mbili. Aliye Ulaya, Marekani ya Kaskazini au mji wowote wenye duka la bidhaa za Amerika ya Kusini atapata pakiti ya unga bila shida. Wavenezuela zaidi ya milioni 7 wameihama nchi yao katika miaka ya karibuni na kila walikokwenda wamekwenda na unga wao. Asiyeupata unga huo anayo mahindi ya makande, ambayo kwa kweli hutoa arepa tamu zaidi.

Ukienda dukani, soma pakiti. Neno la kutafuta ni "precocida", yaani unga umeshapikwa. Kuna unga mwingine wa Mexico, "masa harina", unaokaa rafu ileile na kufanana nao kwa rangi. Huo mahindi yake yamechemshwa na chokaa, una harufu yake na ladha yake, na ni wa kutengenezea tortilla, chapati nyembamba za huko. Ukiufanyia arepa utapata kitu kizito chenye harufu ya chokaa, na hakivimbi. Unga wa polenta, ule wa ugali wa Kiitaliano, nao uache: ule wa kawaida ni mbichi, na ule wa kuiva haraka mara nyingi chenga zake ni kubwa mno.

Donge la unga wa pakiti

Kwa arepa nane: maji ya uvuguvugu mililita 600, chumvi kijiko kimoja cha chai kilichojaa, unga gramu 300, ambao ni kama vikombe viwili. Mafuta kijiko kimoja cha chakula ukitaka. Husaidia gamba kupata rangi, lakini si lazima.

Maji hutangulia bakulini, chumvi iyeyukie humo, ndipo unga ufuate. Mimina unga kidogo kidogo kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukizungusha vidole vilivyotanuka ndani ya maji. Ukianza na unga ukaumwagia maji, sehemu zitakazopata maji kwanza zitanata na kufungia unga mkavu ndani yake. Mabonge hayo hayaondoki kwa kukanda, na kila moja litakuwa kidonge kikavu ndani ya arepa iliyoiva.

Mwanzoni mchanganyiko utaonekana mwepesi mno, karibu na uji mzito. Usiongeze unga. Funika bakuli kwa kitambaa kibichi uache dakika tano hadi kumi, utarudi ukute donge limekaza lenyewe, kwa sababu wanga ulikuwa bado unakunywa maji. Anayeongeza unga katika dakika zile hujikuta baadaye na donge gumu, halafu anaongeza maji, halafu unga tena, mpaka chumvi inapotea. Baada ya mapumziko kanda dakika mbili au tatu, uponde mabonge yoyote kwa sehemu ya chini ya kiganja. Kukanda zaidi ya hapo hakuharibu wala hakusaidii.

Donge zuri lina ulaini wa ndewe ya sikio. Lipime hivi: chukua kipande, kizungushe kiwe mpira, kibonyeze katikati ya viganja mpaka kiwe bapa. Kingo zikipasuka, maji hayatoshi. Loanisha mikono, kanda tena, na ikibidi ongeza kijiko kimoja cha chakula cha maji kwa wakati mmoja. Likinata viganjani na kuacha ngozi ya unga, nyunyiza unga kijiko kimoja, subiri dakika mbili kabla ya kuamua lingine. Kati ya makosa haya mawili, afadhali donge liwe na maji kidogo zaidi. Lililo kavu haliponi likishafika motoni.

Gawa madonge nane ya gramu 110 hivi kila moja. Zungusha donge viganjani mpaka lisiwe na mkunjo wowote juu, kwa sababu mkunjo huwa ufa. Libonyeze polepole huku ukilizungusha, kisha pitisha kidole kilicholowa maji kuzunguka ukingo kuulainisha. Upana uwe sentimita 10. Chini ya sentimita moja ya unene hutaweza kuipasua bila kutoboa upande mmoja. Zaidi ya mbili na nusu, katikati hubaki zito. Wakati unafinyanga, zilizo tayari zifunike. Dakika kumi tu juani au chini ya feni zinatosha kukausha uso na kuleta nyufa.

Kwa mahindi ya makande

Tafuta mahindi meupe makavu yaliyokobolewa, yale ya makande, ambayo Wakamba huyaita muthokoi. Mahindi mazima ya githeri hayafai: ganda lake haliivi wala halisagiki, na litakuachia makapi kwenye kila tonge. Yachambue vizuri, utupe punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zenye harufu ya uvundo. Sumu ya ukungu wa mahindi haiondoki kwa kuchemsha.

Gramu 500 za mahindi hayo huzaa arepa tisa au kumi. Yaoshe mpaka maji yatoke meupe, yaloweke usiku kucha, asubuhi umwage maji hayo. Yachemshe kwa maji mengi mapya, bila chumvi, kwa moto wa wastani. Sufuria ya kawaida itachukua saa moja hadi moja na nusu, ya presha dakika 25 hadi 30, kutegemea ukavu wa mahindi. Hapa usipike kwa kuangalia saa tu. Toa punje moja, ipoze, iminye kati ya kucha ya kidole gumba na kidole cha shahada. Ikikatika safi na katikati yake kuonekana kidoti cheupe chenye ugumu kidogo, zima moto. Ikipondeka na kupakaa kidoleni, umepitiliza. Hayo ni ya makande sasa, ongeza maharage ule. Mahindi yaliyopitiliza yamejaza maji mengi, na donge lake litanata kila mahali na halitashika umbo. Yasiyofika nayo yana shida ile ile ya sembe: sehemu ya ndani ni mbichi, haina gundi.

Yamwage kwenye chujio mara moja, yasikae ndani ya maji ya moto, maana yanaendelea kuiva. Yatandaze kwenye sinia yapoe mpaka yawe vuguvugu, mvuke uishe. Hatua hii ndogo ndiyo huamua donge litakuwaje. Ukiyasaga yakiwa na mvuke hutoka mlenda. Ukiyaacha yakapoa kabisa, au ukayaweka kwenye friji mpaka kesho, wanga uliofunguka hujikaza upya na donge hutoka la chengachenga, lisilotaka kuungana.

Saga kwa mashine ya mkono ya nafaka, au mashine ya kusagia nyama yenye sahani ya matundu madogo kuliko yote uliyonayo. Yapitishe mara mbili. Mara ya kwanza yatatoka nyuzinyuzi zilizokatikakatika, mara ya pili yatatoka laini na utayasikia yakianza kushikana yenyewe. Blenda haifai, kwa sababu haizunguki bila maji na maji hayo hutaweza kuyatoa tena. Mwenye kinu na mchi anaweza kutwanga kidogo kidogo, konzi moja kwa wakati, na kusema kweli donge la kinuni hunata vizuri kuliko la mashine, ila mkono utauma.

Weka chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, kanda. Anza na vijiko vinne vya maji ya uvuguvugu, uongeze kimoja kimoja. Tofauti na unga wa pakiti, donge hili linataka kukandwa kwa nguvu, dakika nane hadi kumi, ukilisukuma kwa kiganja juu ya meza, mpaka chenga zipotee. Litakuwa na rangi ya maziwa, si nyeupe sana, na harufu ya mahindi yaliyochemshwa ambayo unga wa pakiti hauna. Mengine yote, kuanzia kipimo cha nyufa mpaka unene, ni yale yale.

Na ugali? Swali hili halikosekani. Ugali laini uliopikwa ukaiva, ukakandwa ungali moto kwa mikono iliyopakwa mafuta, unaweza kufinyangwa na kuokwa kikaangoni, na gamba lake huwa zuri. Lakini ndani huwa umeshikana mno, hauachani na gamba, na kisu kikipita huacha pande mbili nzito zisizo na nafasi ya kuku. Ni chakula kizuri cha kulia mchuzi. Arepa ya kujaza si hiyo.

Kuku

Mchanganyiko unaojulikana kuliko yote huko Caracas, mji mkuu wa Venezuela, ni wa kuku, parachichi na mayonezi, na una jina la kifalme: reina pepiada, "reina" ikiwa ni malkia. Malkia mwenyewe ni Susana Duijm, aliyeshinda taji la Miss World jijini London mwaka 1955, Mvenezuela wa kwanza kulipata. Ndugu wa ukoo wa Álvarez, waliokuwa na mgahawa wa arepa Caracas, ndio waliompa heshima hiyo. Ukiongeza jibini la njano lililokwaruzwa juu yake huitwa sifrina. Kuku na jibini la njano bila parachichi huitwa catira. Na arepa isiyo na kitu ndani huitwa viuda, yaani mjane.

Kwa arepa nane unahitaji gramu 450 za kuku aliyeiva na kuchambuliwa. Hiyo ni gramu 600 hivi za kidari kisicho na mfupa, au kuku mzima wa kilo moja na robo. Ukitaka ushauri, chukua mapaja pamoja na kidari: kidari peke yake huchambuka kwa nyuzi ndefu nzuri lakini ni kikavu, na watu wakiona ukavu hukimbilia kuongeza mayonezi.

Weka kuku kwenye sufuria na maji ya baridi yanayomfunika kwa kidole kimoja, nusu kitunguu, punje mbili za kitunguu saumu, mizizi ya giligilani kama unayo na chumvi kijiko cha chai. Yakianza kuchemka punguza moto mpaka uone viputo vichache tu vikipanda pembeni. Kidari kisicho na mfupa cha gramu 200 huiva kwa dakika 15 hadi 18. Mapaja yenye mfupa dakika 35. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 74 katikati ya sehemu nene. Kuchemsha kwa nguvu hukaza nyama ya kidari na kuikamua maji, na hakuna mchuzi utakaoyarudisha. Kuku wa kienyeji ni habari nyingine: mpe saa moja hadi moja na nusu ya moto mdogo, na supu yake usiimwage.

Mchambue akiwa wa moto wa kushikika. Nyuzi za nyama huachana kirahisi zikiwa na joto. Zikishapoa hukatika vipande. Ukubwa unaotakiwa ni nyuzi za urefu wa sentimita tatu au nne. Zikiwa ndefu zaidi, anayekula atavuta kuku wote kwa ng'ato moja. Mnyunyizie vijiko viwili au vitatu vya ile supu, umfunike, kisha umwache apoe kabisa. Hapa wenye haraka hukosea. Kuku wa moto akikutana na mayonezi, mayonezi hukatika yakawa mafuta, na parachichi hulainika na kupoteza ladha yake mbichi.

Parachichi mawili ya wastani, yatoe nyama gramu 300 hivi. Moja liponde na uma pamoja na maji ya ndimu mbili ndogo, mayonezi vijiko vinne vya chakula, punje moja ya kitunguu saumu iliyosagwa, chumvi nusu kijiko cha chai na pilipili manga. Changanya na kuku. Tia nusu kitunguu kilichokatwa vipande vidogo sana, kikaoshwa kwa maji ya chumvi na kukamuliwa, na giligilani, au dania kwa walio Kenya, kiasi cha kujaza kiganja, iliyokatwakatwa. Parachichi la pili likate vipande vya mraba na ulichanganye mwisho kwa kijiko cha mbao, mara tatu nne tu. Nusu iliyopondwa inashikanisha nyuzi, nusu ya vipande inakupa kitu cha kutafuna.

Kuhusu aina ya parachichi: hass lina mafuta mengi na nyama nzito, kwa hiyo punguza mayonezi hadi vijiko vitatu. Yale makubwa ya kijani yenye ngozi laini yana maji zaidi, na ladha yake ni nyepesi, lakini usiyadharau. Huko Caracas mara nyingi ndiyo yanayotumika. Ukilipata lenye maji mengi, liponde lote uliache kwenye chujio dakika kumi kabla ya kulitumia. Ndimu haiko pale kwa ladha peke yake. Parachichi likikutana na hewa, vimeng'enya vyake huanza kulibadilisha rangi, na uchachu hupunguza kasi hiyo. Hauizuii kabisa. Baada ya saa tatu nne rangi itakuwa ya kijivu hata ufanyeje, kwa hiyo changanya parachichi wakati arepa ziko motoni, si asubuhi kwa ajili ya jioni.

Kuna wanaotaka tunda tamu ndani ya kuku. Hilo si la Caracas lakini si baya, ila matunda mawili yanayokuja akilini haraka yana tabia tofauti. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachomeng'enya nyama: likikaa na kuku nusu saa, nyuzi zako zitaanza kuwa kama uji. Likaange kwanza bila mafuta dakika nne au tano mpaka lipate rangi. Moto unakiua kimeng'enya na kupunguza maji. Embe halina shida hiyo, shida yake ni maji. Chagua lililoanza kuiva lakini bado linabishana na kisu, dodo au ngowe lisilo na nyuzi nyingi. Kwa kuku wa embe, acha mayonezi na parachichi: chemsha tui zito mililita 200 na tangawizi kipande cha kidole na pilipili moja mbuzi, mpaka lipungue kwa nusu na mafuta yaanze kuonekana pembeni, kama dakika nane hadi kumi. Tia kuku aliyechambuliwa, geuza mpaka tui limshike, epua, apoe. Embe gramu 150 za vipande vidogo na ndimu vinaingia mwisho kabisa. Chumvi ionjwe kabla ya embe kuingia, maana ukiitia baadaye itavuta maji ya tunda na chini ya bakuli utakuta mchuzi.

Motoni

Wavenezuela hutumia budare, sahani ya duara ya udongo au chuma. Kikaango cha chapati kilicho kizito kinafanya kazi hiyo hiyo. Chepesi cha bati hakifai, kwani huunguza pale moto ulipogusa na kuacha pembeni pabichi. Kipashe moto wa wastani dakika tano, kipake mafuta kidogo sana kwa kitambaa, kisha dondosha tone la maji. Likichachatika na kupotea kwa sekunde mbili tatu, weka arepa.

Usiziguse kwa dakika tano. Arepa inayong'ang'ania chuma bado haijatengeneza gamba. Ikishatengeneza hujiachia yenyewe, na anayeichokonoa mapema huuacha uso wake kikaangoni. Geuza ukiona madoa ya kahawia, ipe upande wa pili dakika tano hadi sita. Madoa hayo yakitokea ndani ya dakika mbili, moto ni mkali na katikati bado ni donge. Yasipotokea kwa dakika nane, moto ni mdogo. Arepa itakauka bila kupata rangi na gamba litakuwa gumu la kuvunja meno.

Baada ya pande zote mbili bado haijaiva. Ipeleke oveni ya nyuzi 200, juu ya wavu wenyewe bila sinia, dakika 12 hadi 15. Bila oveni, rudisha moto chini kabisa, egemeza mfuniko juu ya kikaango ukiacha upenyo wa kutokea mvuke, na uzigeuze kila baada ya dakika tatu kwa dakika kumi. Mfuniko ukifunga kabisa, mvuke utalainisha gamba lote. Wenye jiko la mkaa wanaweza kumalizia juu ya wavu, makaa yakiwa yameshika majivu, wakigeuza mara kwa mara.

Iliyoiva ukiigonga kwa kidole hutoa sauti ya uwazi, kwa sababu mvuke umeanza kutenganisha gamba na nyama ya ndani. Sauti nzito ya bubu inataka dakika tano nyingine. Ndani kuwe na unyevu kidogo. Hilo ni sawa. Kama ni ubichi wa kunata kwenye kisu, si sawa.

Zipo zinazokaangwa kwa mafuta mengi pia. Hizo zifinyange unene wa sentimita moja, mafuta yawe nyuzi 175, dakika tatu au nne kila upande. Zina gamba tamu sana, lakini pamoja na kuku mwenye mayonezi na parachichi ni mafuta juu ya mafuta. Kwa mchanganyiko huu, za kikaango ni bora.

Ipasue ikiwa imetoka motoni dakika mbili tu. Ishike kwa taulo ya jikoni, ingiza ncha ya kisu kidogo ubavuni, uzunguke theluthi mbili ya duara, uache upande mmoja ukiwa umeshikana. Mvuke utatoka, uuache utoke. Ukijaza papo hapo, mvuke huo utakuwa maji chini ya kuku. Wengine hukwangua sehemu ya donge laini la ndani kwa kijiko ili kuku wengi waingie; si kosa, na kwa arepa iliyokuwa nene mno ni tiba. Paka siagi pande zote mbili za ndani. Siagi inaleta ladha, na pia inaziba ili unyevu wa parachichi usipenye haraka. Kisha jaza gramu 100 hivi za mchanganyiko, zitokeze nje kidogo, na ile pale pale.

Zinazobaki zihifadhi bila kujazwa. Mchanganyiko wenye parachichi na mayonezi uliwe siku hiyo hiyo, na usikae nje ya friji zaidi ya saa mbili; kwenye joto la pwani, saa moja. Kuku aliyechambuliwa peke yake hukaa kwenye friji siku tatu. Donge lililofunikwa vizuri hufika kesho yake, ila litakuwa limekaza, kwa hiyo likande upya na vijiko viwili vya maji ya uvuguvugu. Kwa muda mrefu zaidi, pika arepa kikaangoni pande zote mbili bila kuzipeleka oveni, zipoze, zipange kwenye friza zikitenganishwa kwa karatasi. Siku ya kula usizingoje ziyeyuke. Zitoe zikiwa barafu, ziingize oveni ya nyuzi 180 kwa dakika 20 hadi 25, na uzigonge kama kawaida kabla ya kupasua.